Karatasi ya Vifuniko Saba

Vijana wa masijala waliniomba niwaandikie kitu kabla sijazoea usingizi wa mchana. Vyeo na mishahara sitavigusa. Viko kwenye faili langu la utumishi, na faili lenyewe ni jembamba. Nitaandika habari za karatasi moja iliyokaa kwenye droo yangu siku kumi na tatu, na za wivu ulioiweka humo. Wenzangu wengi wakistaafu huandika jinsi walivyokuwa hodari. Nimewasoma, na hata hao nimewaonea wivu.

Nilianza kazi Kayanga mwaka 1978, karani wa mahakama ya mwanzo, nikitokea kwetu Kanoni na mashati mawili. Siku ya kwanza sikuandika hata herufi moja. Karani mkuu, Mzee Petro, alinipa sindano ya kushonea magunia na uzi wa katani, akanionyesha rundo la majalada, akaniambia nishone. Nilishona mpaka jioni. Akaja, akayageuzageuza, akafumua yote, kwa sababu nilikuwa nimeshona karatasi ambazo hazijapewa namba. Kesho yake nikaanza upya, na yeye akakaa pembeni anakunywa chai.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka nikawa naisikia ndotoni. Alisema karatasi ikiingia mlangoni igongwe muhuri wa tarehe siku hiyohiyo, ipewe namba, ishonwe. Nilipomuuliza je, kama karatasi yenyewe ni ya upuuzi, alinitazama juu ya miwani yake.

"Upuuzi wake atauona hakimu," akasema. "Wewe si hakimu, Felisiani. Wewe ni sindano."

Vita vilipoanza mwaka uleule tulifunga majalada kwenye magunia ya kahawa, tayari kuondoka nayo. Hatukuondoka, lakini mwaka mzima baadaye kila talaka na kila kesi ya mpaka wa shamba ilinukia kahawa. Mzee Petro hakuvumilia harufu hiyo. Alisema mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa amehamishiwa Bukoba, angekumbuka kuyaanika magunia kwanza. Huyo mwanafunzi sikuwahi kumwona kwa macho. Kila nilipokosea nililetewa yeye: mwandiko wake, mshono wake, alivyowahi kazini. Nilimchukia mtu nisiyemjua sura. Kwa hiyo msije mkadhani wivu wangu ulianza na Adventina, karani mtakayemkuta mbele. Yeye alikuta shamba limeshalimwa.

Miaka minne baadaye nikapelekwa Kaisho, na huko nikawa mkubwa wa ofisi, yaani mimi, tarishi mmoja, na meza iliyowekewa kipande cha tofali mguuni. Mashauri ya talaka yalikuwa mengi kuliko nilivyotegemea, na ugumu wake haukuwa kwenye kuvunja ndoa. Ndoa ikifika kwetu huwa imeshavunjika, sisi tunaandika tu. Ugumu ulikuwa mali. Mwanamume aliyeonekana sokoni Jumamosi amevaa koti, Jumatatu anasimama mbele ya hakimu na shati la kiraka aliloliazima kwa jirani. Kibanja, yaani shamba la migomba, ni cha ukoo. Nyumba ni ya baba. Kahawa imeshauzwa kwa butura, ikiwa bado maua mtini, na fedha zimekwisha. Ng'ombe ni wa watu. Sheria ilisema mali iliyochumwa pamoja igawanywe, na mahakama za juu zilikuwa zimeanza kukubali kwamba kazi ya mwanamke nyumbani nayo ni jasho. Lakini huwezi kugawa kisichotajwa.

Nilijiona bingwa wa mambo hayo. Niliandika barua kwa vyama vya msingi kuuliza fulani alipeleka magunia mangapi ya kahawa, nikalinganisha majina, nikagundua mtu aliyeuza kwa jina la mtoto wake wa kunyonya. Hakimu wetu, aliyetoka upande wa Tanga na aliyeiona migomba kama msitu, alikuwa akiniita "macho ya mahakama". Sifa hiyo niliilinda kama kuku anavyolinda mayai.

Ndipo akaletwa Adventina.

Alitoka Muleba, msichana mwembamba mwenye baiskeli ya kiume, karani wa daraja la chini kabisa. Asubuhi ya kwanza hakimu alisoma hati aliyoiandika, akaishika mbali kidogo, akasema hapa sasa mahakama imepata mwandiko. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye mahakama ile miaka minne. Wiki ya pili wateja wakaanza kupita mezani kwangu kwenda kwake. Aliongea nao Kihaya chake, wakamjibu kwa Kinyambo, wakacheka. Wanawake waliokuja na kesi za matunzo walimletea ndizi za kuchoma zikiwa zimefungwa kwenye majani. Nilianza kuhesabu nani amemwamkia nani kwanza. Nilificha kidau kipya cha wino wa muhuri nikamwachia kilichokauka, na yeye akakilowesha kwa maji kidogo, kikafanya kazi vizuri kuliko kipya changu. Hakuwahi kunikosea adabu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Shauri la Ma Verdiana lilikuja mwaka huo, katikati ya miaka ya themanini. Alikuwa ameishi na Ta Rwiza (Ma na Ta kwetu ni majina ya heshima) miaka kumi na saba, ndoa ya kimila, kanisani hawakuwahi kufika. Ta Rwiza alikuwa ameoa mwanamke mwingine na kuhamia kwake ng'ambo ya bonde, akamwacha Ma Verdiana kwenye nyumba ya zamani na binti wawili wadogo, kisha akatuma watu kumwambia aiache na nyumba yenyewe kwa kuwa iko kwenye kibanja cha ukoo. Baraza la usuluhishi lilishindwa. Kaka yake Ma Verdiana alikubali kumpokea, ila si kumpa ardhi. Angekuwa kibarua wa wifi yake, akilima maharage asiyoyavuna. Alichotaka mahakamani kilikuwa kimoja: kitu cha kumwezesha kununua kibanja chake mwenyewe, hata kiwe kama ua.

Ta Rwiza alitaja mali yake akiwa ameshika kofia kifuani. Kibanja, cha ukoo. Nyumba ya bati, imejengwa na marehemu baba. Ng'ombe mmoja na ndama wake.

Hakimu akamgeukia Ma Verdiana, akamuuliza mumewe ana ng'ombe wangapi.

"Sijui, Mheshimiwa."

Hakimu akauliza inawezekanaje mtu akae miaka kumi na saba na asijue.

"Kwetu mke hahesabu ng'ombe," akasema. "Wakihesabiwa wanapungua."

Wazee washauri wawili waliokaa na hakimu wakatikisa vichwa kukubali, na Ta Rwiza naye akakubali, kwa heshima kabisa. Hakimu aliandika jibu lile polepole, akaniangalia mimi, macho ya mahakama. Nami nikaahidi kutafuta.

Nilitafuta nilipozoea kutafuta. Niliandikia chama cha msingi, nikajibiwa kwamba Ta Rwiza alipeleka magunia mawili tu. Nikaandika kwa kaya za ndugu zake, hakuna. Mimi ni mtoto wa kahawa na ndizi. Ng'ombe niliwajua kwa mbolea yao tu. Kila mtu Kaisho alijua kwamba mwenye ng'ombe wengi hawaweki nyumbani. Huwagawa kwa watu, hasa familia za Wanyarwanda kule bondeni wanaojua kuchunga, nao hunywa maziwa na kupata mbolea, na siku moja hupewa ndama. Lakini ng'ombe hao hawana risiti, na mimi bila risiti nilikuwa kipofu.

Tarishi akashikwa na malaria, na hati ya kumwita Ma Verdiana kwa tarehe mpya ikawa haina wa kuipeleka. Nilimshauri hakimu amtume Adventina. Nilisema ana baiskeli. Sikusema kwamba njia ile ina kilima ambacho hata mbuzi hukisitia, wala kwamba mawingu yalikuwa yamejaa tangu asubuhi. Alikwenda. Mvua ikanyesha, mimi nikiwa dirishani, na nakiri niliifurahia.

Alirudi alasiri akiwa na matope mpaka magotini na uso unaong'aa. Akachukua karatasi, akaandika ukurasa mmoja kwa mwandiko ule, akauleta mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Bwana Felisiani, naomba unigongee muhuri," akasema. "Nimewaona ng'ombe wa Ta Rwiza."

Nilimwambia hiyo haiwezekani. Akanieleza. Jikoni kwa Ma Verdiana, ukutani, vilining'inia vibuyu saba vya samli. Ng'ombe aliyewekwa kwa mtu akizaa, mchungaji hupeleka kwa mwenye ng'ombe kibuyu cha samli ya maziwa ya kwanza kukamuliwa baada ya ndama kushiba, iwe taarifa na shukrani kwa pamoja. Hilo hata mimi nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kuhusu vifuniko. Kila kibuyu kina kifuniko cha nyasi kilichosukwa na mke wa nyumba kilikotoka, na kila mwanamke ana mkono wake: huyu anazungusha mistari myeusi, huyu anaweka meno ya msumeno, yule anaanza kwa fundo kubwa kileleni. Adventina alikuwa amesifia kimoja tu, kwa kungoja mvua ipungue, akauliza kimesukwa na nani. Ma Verdiana akamjibu. Akauliza cha pili. Mwanamke ambaye hajawahi kuhesabu ng'ombe hata mmoja aliwataja wasukaji saba bila kusita, na nyumba zao, na mwaka ambao kila kibuyu kililetwa. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba anajua.

Ta Rwiza alikuwa ameficha kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa ukutani kwake mwenyewe, kwa sababu mwanamume wa kwetu hagusi vibuyu. Na macho ya mahakama hayakuwahi kupelekwa jikoni.

Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Miaka minne ya barua zangu, na mtoto wa juzi amekaa jikoni saa moja, amemaliza. Nilimwambia auache, nitaushughulikia. Akashukuru, akaenda kunawa miguu. Nikaufungia kwenye droo chini ya kidau cha wino, bila muhuri, bila namba.

Nilijipa sababu nzuri. Karani si mpelelezi, nikajisemea. Ushahidi huletwa na mdai, si na ofisi. Kulikuwa na ukweli nusu ndani ya maneno hayo, na ndiyo maana yalinikaa vizuri. Lakini Mzee Petro alishanifundisha kwamba hilo si langu kuamua. Hakimu angeweza kuisoma karatasi akaitupa, au akawaita wale saba waje kusema wenyewe. Mimi nilikuwa sindano, nikajifanya mlango.

Siku ya nane nilikuwa kilabuni, kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, nikasikia wanaume wakicheka. Habari za karani mwanamke aliyeuliza vibuyu zilikuwa zimemfikia Ta Rwiza, na sasa ng'ombe wake wanatembea usiku kuliko fisi. Wengine wameshavuka mto. Ningeweza kuondoka pale nikaenda kugonga muhuri. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilichofanya nitakisema kama kilivyokuwa: niliongeza kibuyu cha pili cha lubisi. Niliwaza kwamba ng'ombe wakiisha kuondoka, karatasi itakuwa haina maana tena, na Adventina hatasifiwa. Sikumwaza Ma Verdiana hata kidogo. Yeye hakuwamo katika wivu wangu, alikuwa chini yake tu.

Siku ya kumi na tatu shauri likasikilizwa, mlemle ofisini, maana chumba kilikuwa kimoja. Adventina alikaa pembeni yangu akiandika mwenendo. Alikuwa akidhani karatasi yake iko kwenye jalada, na kila hakimu alipogeuza ukurasa alinyanyua kichwa kidogo. Hakimu akafika mwisho wa jalada, akalifunga. Adventina akamtazama hakimu, kisha akanitazama mimi. Akaelewa. Nilingoja aseme. Angesema neno moja ningekwisha, na pengine ndani yangu nilitaka aseme, nipate sababu ya kumchukia kihalali. Akainamisha uso akaendelea kuandika.

Hakimu akamuuliza Ta Rwiza kwa mara ya mwisho kama mali yake ni hiyo tu aliyoitaja.

"Ni hiyo tu, Mheshimiwa," akajibu. "Kama kuna mtu anajua zaidi na ameficha, aseme."

Alisema kwa sauti ya upole, kofia kifuani. Nilikuwa nimewasikia wanaume wengi wakisema maneno ya namna hiyo, na kila mara niliwadharau. Safari hii nilikuwa nimeweka mkono juu ya droo. Tulikuwa wawili mle ndani tunaoficha, naye angalau alikuwa akitetea ng'ombe wake. Mimi sikuwa na ng'ombe. Nyani haoni kundule, lakini siku ile nililiona, na Ma Verdiana alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu, amemshika binti yake mdogo mkono, anangoja kuambiwa aende kulima kwa wifi yake.

Nilisimama. Nikasema Mheshimiwa, kuna karatasi ilipaswa kuwa kwenye jalada na haimo, kosa ni la masijala. Nikafungua droo mbele ya watu wote, nikachukua muhuri, nikaugonga kwa tarehe ya siku ile, maana nyingine sikuwa nayo. Hakimu akaisoma. Akaisoma tena. Hakuniuliza kitu, na alipoacha kuniuliza nilijua cheo changu cha macho ya mahakama kimekwisha.

Shauri likaahirishwa, nyumba saba zikaitwa. Waliokuja na ng'ombe wa Ta Rwiza walikuwa watatu. Wanne walisema, kila mmoja kwa zamu yake, kwamba ng'ombe alikuwapo lakini mwenyewe alikuja kumchukua juma lililopita. Mzee mmoja wa Kinyarwanda, mtu mnyoofu, alikumbuka mpaka siku yenyewe. Ilikuwa siku ya kumi tangu karatasi iingie kwenye droo.

Ma Verdiana alipewa ng'ombe wawili na matunzo ya watoto. Aliwauza akanunua kipande kule mteremkoni, mahali ambapo udongo hukimbia mvua ikinyesha. Kwa ng'ombe wanne angenunua juu, karibu na barabara, kwenye udongo mweusi. Nimepita pale mara nyingi. Migomba yake ilikuwa myembamba.

Mwezi mmoja baada ya hukumu alikuja ofisini amebeba kitu kwenye kitenge. Adventina alikuwa mezani kwake. Ma Verdiana akampita, akaja kwangu, akapiga magoti kidogo kama wanavyofanya wanawake wa kwetu, akafungua kitenge. Kilikuwa kibuyu cha samli, na kifuniko kipya cha nyasi, mistari myembamba iliyopanda kwa kuzunguka mpaka kileleni.

"Kasinge, Ta Felisiani," akasema, ndiyo asante ya kwetu. "Wewe ndiwe uliyesimama."

Miaka yote ile nilikuwa nimetamani mteja ampite Adventina aje kwangu. Alikuwa amekuja. Nilimtazama Adventina nikitegemea atasema, nikamwona amekunja mikono juu ya meza.

"Pokea, Bwana Felisiani," akasema taratibu. "Ana mkono mzuri."

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikashukuru. Sikusema chochote zaidi, wala siku ile, wala miaka mitatu tuliyofanya kazi pamoja baada ya hapo. Aliendelea kuniamkia kila asubuhi. Baadaye alikwenda kusoma, akawa hakimu katika wilaya nyingine, na siku tuliyomuaga niliuonea wivu hata mkoba aliozawadiwa. Kuna watu husema wivu huisha mtu akizeeka. Mimi bado naungoja uishe.

Kibuyu kiko kwangu Kanoni. Samli hatukuila. Mke wangu ameniuliza zaidi ya mara moja ni nani aliyesuka kifuniko kizuri hivi, na mimi humwambia ni mteja mmoja wa zamani.

Juma la mwisho kabla sijastaafu niliingia masijala kukabidhi majalada, nikalitafuta lile. Uzi wangu bado umeshika. Ile karatasi ina tarehe mbili: juu, ya mkono wa Adventina, chini, ya muhuri wangu, siku kumi na tatu mbele. Yeyote atakayelifungua atadhani ofisi ilizidiwa na kazi. Kwa hiyo, vijana, nikafungua na daftari la kusajili mashauri nikatazama siku zile kumi na tatu. Tulikuwa tumepokea mashauri mawili.